Mtihani wa NP Marekani: kwa nini uzoefu wa wodini hautoshi

Muuguzi aliyefanya kazi miaka kumi kwenye wodi ya wagonjwa mahututi huko Minneapolis au Houston, akasoma shahada ya uzamili usiku baada ya zamu, anaingia kwenye mtihani wa NP (nurse practitioner, muuguzi anayeruhusiwa kutibu) akiwa na mtaji ambao wenzake wadogo hawana: ameona wagonjwa wengi. Mtaji huohuo ndio humponza. Mtihani unamweka kwenye chumba cha kliniki ya mtaani. Mgonjwa amekuja kwa miguu yake, hana dripu wala mashine, anaongea vizuri. Anachoulizwa mtahiniwa ni atafanya nini sasa hivi, kwa kufuata miongozo ya Marekani. Mazoea ya wodini yanamsukuma kwenye jibu la dharura. Na kama uuguzi aliusomea Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu, mafunzo ya nyumbani nayo yanamvuta upande wake.

Hapa tunazungumzia mtihani wa NP wa familia, FNP, kwa sababu ndio unaofanywa na wengi kuliko yote. Ipo pia ya afya ya akili, ya watoto, ya watu wazima na wazee, ya watoto wachanga na ya afya ya wanawake. Kila mmoja una muhtasari wake, na huwezi kusomea mmoja ukafanya mwingine: unafanya ule ambao programu yako ya chuo ilikuandaa.

Kwa msomaji aliyeko nyumbani anayejiuliza NP ni nani: ni muuguzi msajiliwa (RN) aliyeongeza shahada ya uzamili au ya udaktari wa uuguzi, na ambaye sheria inamruhusu kumpima mgonjwa, kutambua ugonjwa, kuagiza vipimo na kuandika dawa. Kazi hii ilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, ilipoasisiwa na muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Ukitaka mfano wa karibu, mfikirie afisa tabibu wa kituo cha afya, ila huyu amepitia mlango wa uuguzi.

Bodi mbili, cheti kimoja machoni pa jimbo

Mtihani wa FNP unatolewa na bodi mbili zisizohusiana. Moja ni AANPCB, ambayo cheti chake kinakupa herufi FNP-C. Nyingine ni ANCC, inayokupa FNP-BC. Bodi za uuguzi za majimbo na waajiri hukubali chochote kati ya hivyo viwili, kwa hiyo mabishano ya kipi ni kikubwa hayana maana. Tofauti ziko kwenye mtihani wenyewe.

AANPCB ina maswali 150 kwa saa 3. Kati ya hayo, 135 yanahesabiwa na 15 ni ya majaribio, yanayopimwa kwa ajili ya mitihani ijayo. ANCC ina maswali 175 kwa saa 3 na nusu: 150 yanahesabiwa, 25 ni ya majaribio. Maswali ya majaribio hayana alama yoyote ya kuyatambua, kwa hiyo usipoteze akili kuyawinda. Ukipiga hesabu utaona kasi ni ileile kote kuwili: sekunde 72 kwa swali. Maswali 50 kwa saa moja. Shika namba hiyo, maana mazoezi yote yatapangwa juu yake.

AANPCB imejikita kwenye tiba, na imegawanya kazi katika hatua nne: kumchunguza mgonjwa, kutambua ugonjwa, kupanga tiba na kutathmini matokeo. ANCC ina sehemu tano, na kubwa kuliko zote ni utekelezaji, asilimia 29. Pia inagusa utafiti, maadili, sera na ubora wa huduma, na ina aina za maswali ambazo si za kuchagua jibu moja tu: kuna ya kuchagua majibu kadhaa, ya kuburuta na kupanga, na ya kubofya sehemu ya picha. Anayependa tiba tupu huelekea AANPCB. Ambaye hachoshwi na maswali ya takwimu na uongozi hana sababu ya kuikimbia ANCC. Ikiwa chuo chako kimeandaa mitihani yake ya mwisho kwa kufuata bodi fulani, ifuate hiyo na usihangaike zaidi.

Jambo linalozua uvumi mwingi ni alama. AANPCB inatoa alama kati ya 200 na 800, na kufaulu ni 500. ANCC kufaulu ni 350 kati ya 500. Watu huichukua 350, wakaigawa kwa 500, wakatangaza kwenye grupu la WhatsApp kwamba unahitaji asilimia 70. Sivyo. Hizi ni alama za mizani. Matoleo ya mtihani hayalingani ugumu, kwa hiyo idadi ya majibu sahihi hubadilishwa kuwa alama kwenye mizani moja ili aliyepata toleo gumu asionewe. Swali lililoachwa wazi huhesabiwa kuwa limekosewa, na jibu baya halikatwi alama ya ziada. Maana yake usimalize na swali hata moja tupu.

Kabla ya kufungua kitabu: makaratasi

Uwe na leseni hai ya RN ya Marekani, na programu yako iwe imeidhinishwa. Transkripti lazima ionyeshe kozi tatu zinazojitegemea: patofiziolojia ya ngazi ya juu, famakolojia ya ngazi ya juu, na uchunguzi wa mwili wa ngazi ya juu. Chuo kikizichanganya mbili katika kozi moja, ombi lako linaweza kukwama. Saa za kliniki zinazosimamiwa zisipungue 500, ingawa vyuo vingi sasa vinadai zaidi. Unaweza kuanza kuomba kabla hujahitimu, lakini cheti hakitoki mpaka transkripti ya mwisho ioneshe kwamba shahada imetolewa.

Kisha kuna suala la jina, na hapa Waafrika Mashariki huumia kuliko wengine. Pasipoti inasema Mariamu Juma Bakari, leseni ya RN inasema Mariamu Bakari, leseni ya udereva inamwita Juma Bakari Mariamu kwa sababu karani aligeuza mpangilio, na aliyeolewa ameongeza jina la nne. Siku ya mtihani, jina kwenye barua ya ruhusa lazima lilingane na lile la kitambulisho chenye picha. Lisipolingana unarudishwa mlangoni na ada inaweza kupotea. Lirekebishe kabla ya kutuma ombi. Bodi ikikuruhusu, unapewa dirisha la kufanya mtihani, kwa AANPCB ni siku 120, nawe unachagua siku na kituo. Vituo vya mijini hujaa mwezi Mei na Desemba, wahitimu wanapotoka vyuoni kwa wingi, kwa hiyo weka nafasi mapema.

Swali linakuuliza uko hatua gani

Mfano wa kwanza. Mwanamume wa miaka 46 amekuja kwa mara ya kwanza kliniki kuomba fomu ya kazi. Presha yake ni 148/92. Haumwi kichwa, kifua hakimsumbui, hana kisukari, hajawahi kuambiwa ana presha. Ufanye nini? Umwanzishie lisinopril leo, umpeleke dharura, upate vipimo vya presha nje ya kliniki ili kuthibitisha, au arudi baada ya mwaka mmoja?

Muuguzi wa wodini anaiona 148/92 na kidole kinakwenda kwenye dawa. Namba zenyewe anazijua: kwa mwongozo wa Marekani wa 2017, 130 hadi 139 juu au 80 hadi 89 chini ni presha ya hatua ya kwanza, na 140/90 kwenda juu ni presha ya hatua ya pili. Lakini mwongozo huohuo unasema ugonjwa hautambuliwi kwa kipimo kimoja. Unahitaji wastani wa vipimo viwili au zaidi, katika siku mbili au zaidi, na uthibitishe kwa kupima nyumbani, maana wapo watu ambao presha hupanda kwa kuona koti jeupe tu. Jibu ni kuthibitisha. Swali liko kwenye hatua ya kutambua ugonjwa, na anayejibu dawa ameruka kwenda hatua ya kupanga tiba. Ukibadilisha kidogo, ukaandika kwamba amerudi na daftari la vipimo vya wiki mbili vyenye wastani wa 150/94, jibu nalo linabadilika.

Ujuzi wenyewe ni huu. Kabla ya kusoma machaguo, jiulize: hapa nimepewa dalili nikusanye zaidi, nimepewa vipimo nitaje ugonjwa, nimetajiwa ugonjwa nichague tiba, au tiba imeanza na naulizwa kama inafanya kazi? Soma sentensi ya mwisho kwanza, kisha urudi juu. Kwa anayesoma Kiingereza kama lugha ya tatu, maneno madogo ya mwishoni ndiyo mtego: la kwanza, linalofuata, lenye uwezekano mkubwa, isipokuwa. Machaguo mawili huweza kuwa sahihi yote, tofauti ikawa ni lipi linatangulia. Na mara nyingi linalotangulia ni lile la kuuliza au kupima, isipokuwa mgonjwa yuko hatarini. Hapo ndipo dharura inapokuwa jibu: mwenye kifua kinachobana huku akitokwa jasho hapewi miadi ya wiki ijayo.

Mfano wa pili tumeuchagua makusudi. Mwanamke wa miaka 29 alihamia Ohio kutoka Tanzania miaka miwili iliyopita na ameajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alichanjwa BCG utotoni. Hakohoi, hajapungua uzito, hatokwi jasho usiku, hana VVU. Kipimo cha ngozi cha TB, kilichosomwa baada ya saa 48, kina uvimbe mgumu wa milimita 12. Machaguo: ni hasi kwa sababu ya BCG, rudia baada ya mwaka, piga eksirei ya kifua, anza isoniazidi leo.

Aliyesomea nyumbani anaujua mkono wenye alama ya BCG kuanzia utotoni, na haraka anaona chanjo ndiyo iliyovimbisha. Mtihani hauoni hivyo. Unasoma uvimbe mgumu, si wekundu, na kikomo kinategemea mtu ni nani. Milimita 5 inatosha kwa mwenye VVU, aliyekaa karibu na mgonjwa wa TB hivi karibuni, mwenye makovu ya TB kwenye eksirei au aliyepandikizwa kiungo. Milimita 10 ni kwa aliyetoka nchi yenye TB nyingi, mfanyakazi wa afya, anayeishi kwenye makazi ya pamoja, au mtoto chini ya miaka mitano. Milimita 15 ni kwa asiye na hatari yoyote inayojulikana. BCG ya zamani haibadilishi usomaji. Kwa hiyo 12 ni chanya, na kinachofuata ni eksirei ili kuondoa uwezekano wa TB inayofanya kazi. Anayeanza isoniazidi peke yake leo, bila eksirei, anaweza kuwa anatibu TB kamili kwa dawa moja, na huo ndio mwanzo wa usugu. Eksirei ikiwa safi na mgonjwa hana dalili, hapo anatibiwa TB iliyolala, na leo mikakati mifupi yenye rifampisini au rifapentini ndiyo inayopendekezwa kuliko miezi tisa ya isoniazidi. Na swali likiuliza ni kipimo gani kingefaa kuanza nacho kwa aliyechanjwa BCG, jibu ni kipimo cha damu cha interferoni.

Mfano huu mmoja una mambo manne, na hivyo ndivyo maswali mengi yalivyo. Anayekariri mistari mitatu ya namba bila kujua kwa nini namba zinatofautiana atakwama pale mgonjwa anapokuwa na sifa mbili kwa pamoja. Namba ya chini hushinda, kwa sababu hatari kubwa inahitaji ushahidi mdogo zaidi.

Mambo yanayomtega aliyesoma Afrika Mashariki

Majina ya dawa yanaonekana dogo lakini yanakula sekunde. Paracetamol kule inaitwa acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenalini ni epinephrine, glibenclamide ni glyburide. Sukari ya damu inaandikwa kwa miligramu kwa desilita: 7.0 uliyoizoea ni 126, maana unazidisha kwa 18. Kisukari kinatambuliwa kwa sukari ya kufunga 126 au zaidi, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache) asilimia 6.5 au zaidi, na 5.7 hadi 6.4 ni mwanzo wa kuelekea huko. Homa inaanzia nyuzi 100.4 za Farenhaiti, ambazo ni 38 zetu. Uzito unakuja kwa ratili, gawa kwa 2.2. Usihesabu haya kwa mara ya kwanza ukiwa mbele ya kompyuta ya mtihani.

Kubwa zaidi ni magonjwa. Homa, kichwa na maungo kuuma, kwa aliyekulia Kisumu au Tanga, ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Kwenye mtihani huu mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi ametoka kupiga kambi msituni, na mhusika ni kupe. Kupe wa kaskazini-mashariki na wa Minnesota na Wisconsin analeta ugonjwa wa Lyme: kiraka cha duara kinachotanuka, mara nyingine chenye weupe katikati. Kiraka kikiwepo, unatibu kwa doksisaiklini bila kungoja kipimo cha damu, kwa sababu siku za mwanzo antibodi huwa bado hazijatokea na jibu hasi litakudanganya. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani wazi kama kwenye picha za vitabu, jambo ambalo NP mweusi anapaswa kulijua hata nje ya mtihani. Kupe mwingine analeta homa ya vipele ya Rocky Mountain, na huyu anaua. Vipele huanzia vifundo vya mikono na vya miguu, siku chache baada ya homa. Doksisaiklini inaanza mara moja, hata kwa mtoto wa miaka minne. Wengi hukosea hapa kwa sababu walifundishwa kwamba dawa hiyo huharibu meno ya watoto. Kozi fupi kwa ugonjwa unaoua haina mjadala.

Upungufu wa damu nao unafaa kuangaliwa kwa karibu. Seli nyekundu ni ndogo, yaani kipimo cha ukubwa wake, MCV, kiko chini ya 80, na mkono unakwenda kwenye vidonge vya madini ya chuma, kama tulivyozoea kliniki za wajawazito. Tazama kwanza feritini, kipimo cha akiba ya chuma. Ikiwa chini, ni upungufu wa chuma, na unatafuta damu inapopotelea, hasa kwa mwanamume au mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye anahitaji kuchunguzwa utumbo. Feritini ikiwa sawa na seli bado ni ndogo, fikiria thalasemia na uagize uchunguzi wa aina za hemoglobini. Watu wa pwani ya Kenya wana alfa-thalasemia kwa wingi, na kwa hao kipimo hicho kinaweza kuonekana cha kawaida. Mtu wa namna hii akipewa chuma mwaka mzima, damu haipandi, na mtihani unapenda sana kuuliza kwa nini.

Halafu kuna uchunguzi wa kinga, ambao kwa mfumo wetu wa kwenda hospitali ukiugua unaonekana mgeni kabisa. Mtu mzima asiyeumwa lolote anakuja, na unaulizwa unampima nini. Hapa unafuata USPSTF, kikosi cha wataalamu kinachopendekeza uchunguzi wa kinga Marekani. Saratani ya utumbo mpana kuanzia miaka 45 hadi 75. Matiti kila baada ya miaka miwili, 40 hadi 74, pendekezo lililobadilishwa 2024. Mlango wa kizazi kuanzia 21 hata kama ameanza ngono mapema. Mapafu kwa CT ya mionzi midogo kila mwaka, kwa mwenye miaka 50 hadi 80 aliyevuta sawa na pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, na ambaye bado anavuta au aliacha ndani ya miaka 15. Ultrasaundi moja ya mshipa mkuu wa tumbo kwa mwanamume wa 65 hadi 75 aliyewahi kuvuta. Mtego wa kawaida ni kumpa umri sahihi lakini akawa ameacha sigara miaka 18 iliyopita.

Kumbuka pia kwamba mtihani haubadiliki siku mwongozo mpya unapochapishwa. Maswali huandikwa, hujaribiwa na kukaguliwa kwanza. Ukiwa karibu na badiliko jipya, jua jibu la zamani na jipya, na usiogope kwamba utafelishwa na jambo la mwezi uliopita.

Wiki kumi na mbili za mtu mwenye zamu

Anayefanya zamu tatu za saa 12 kwa wiki hana siku saba za kusoma, ana nne, na mojawapo ni ya kulala. Mpango unaodai saa nne kila siku utavunjika wiki ya pili.

Wiki ya kwanza fanya mtihani wa mazoezi wa maswali 150, kwa saa, bila kusoma chochote. Utapata aibu, na ndiyo kazi yake: unaonyesha pa kuanzia. Wiki ya pili hadi ya nane, mfumo mmoja au miwili ya mwili kwa wiki. Ipe muda mrefu mioyo na presha, mapafu, homoni, na magonjwa ya kichwa, macho na masikio. Watoto na wajawazito usiwasukume mwishoni, hasa kama wodini huwaoni kamwe. Sauti za ziada za moyo watu huziogopa bure. Anza na mbili: ya vali ya aota iliyobana, inayosikika juu upande wa kulia wa kifua na kupanda shingoni, na ya vali ya mitra inayovuja, inayosikika kwenye ncha ya moyo na kuelekea kwapani. Zote mbili hutokea moyo unapokaza. Ukizijua kwa sikio na kwa mahali, zilizobaki zinapangika zenyewe.

Wiki ya tisa hadi ya kumi na moja, maswali mchanganyiko tu. Siku ya zamu fanya 15 au 20 kwenye simu, basi. Siku ya mapumziko fanya 50 ndani ya saa moja, kisha saa moja na nusu hadi mbili kuyapitia, pamoja na yale uliyopata. Mapitio yakiwa mafupi kuliko mtihani, unajifurahisha tu.

Weka daftari la makosa lenye safu tatu: sikulijua, nililijua nikasoma swali vibaya, nilikuwa nimepata nikabadilisha jibu. Baada ya maswali 300 safu moja itakuwa ndefu kuliko nyingine. Ikiwa ni ya kwanza, rudi kwenye kusoma. Ikiwa ni ya pili, acha kununua kozi na vitabu zaidi, kwa sababu tatizo liko kwenye sentensi ya mwisho ya swali. Ikiwa ni ya tatu, jiwekee sheria: usibadilishe jibu bila kutaja neno la kwenye swali ambalo hukuliona mara ya kwanza. Kwenye kozi ndipo wengi hupoteza pesa. Wanakuwa na kozi tatu za kulipia, na hakuna hata moja waliyoimaliza. Kozi moja, benki moja ya maswali, na mtihani wa mazoezi unaotolewa na bodi yenyewe vinatosha. Ukifikisha asilimia 75 hadi 80 kwenye maswali mchanganyiko ambayo hujawahi kuyaona, weka tarehe.

Jihadhari na faili za maswali yaliyokumbukwa zinazozunguka kwenye magrupu. Kabla ya mtihani unakubali kutunza siri yake, na anayekutwa akigawa au kutumia maswali hayo anaweza kufutiwa cheti. Tena majibu yake mengi yamekosewa, maana yameandikwa na watu wasiojua kama walipata.

Wiki ya kumi na mbili, siku ya mtihani yenyewe, ukienda nje kwa haja ndogo saa haisimami. Kila baada ya maswali 50 angalia saa: uwe umetumia dakika 60 au pungufu. Swali likikugomea kwa dakika mbili, chagua, liwekee alama, songa.

Ukianguka

AANPCB inadai kwanza saa 15 za masomo ya kuendelea, zilizofanywa baada ya kuanguka na katika maeneo ambayo ripoti ya matokeo imeyaonyesha kuwa dhaifu, na inaruhusu majaribio mawili kwa mwaka wa kalenda. ANCC inadai kungoja siku 60, na inaruhusu hadi mara tatu katika miezi 12. Wapo wanaoanguka bodi moja wakakimbilia nyingine. Hakuna sheria inayokuzuia, lakini ada ni mpya, muhtasari ni mwingine, na kosa lililokuangusha unaenda nalo. Ripoti ikisema umeanguka kwenye kutambua ugonjwa, hilo halibadiliki kwa kubadilisha bodi.

Ukifaulu, cheti peke yake hakikupi ruhusa ya kuandika dawa. Bado kuna leseni ya NP ya jimbo, namba ya mtoa huduma ya NPI, na usajili wa DEA, idara ya serikali kuu inayosimamia dawa zinazodhibitiwa, kama utaandika dawa zinazodhibitiwa. Zaidi ya nusu ya majimbo huruhusu NP kufanya kazi bila mkataba na daktari. Minnesota ni mojawapo, lakini inadai kwanza saa 2,080 za kazi kwa ushirikiano na daktari au NP mzoefu. Texas bado inataka makubaliano ya maandishi na daktari. Anayepanga kuhama jimbo aliangalie hili kabla ya kusaini ajira. Cheti chenyewe kinadumu miaka 5. Kwa AANPCB, kukihuisha bila kurudia mtihani kunahitaji saa 1,000 za kazi ya kliniki na saa 100 za masomo, 25 kati yake ziwe za famakolojia. Fungua faili la vyeti hivyo kuanzia mwezi wa kwanza wa ajira, maana waajiri hufunga na barua pepe za zamani hupotea.